Utabiri wa Mama Mkwe

Katoro, Geita
2 Juni 2024

Mama mkwe mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku ni wazima, mimi na Klara, na tunaamini nawe unaendelea vizuri na uvunaji wa pamba.

Najua utashtuka kuona mwandiko wangu. Miaka yote ya ndoa yetu maneno yangu kwako yalipita kwa mwanao Noela na ya kwako kwangu yalipita kwa Noela, kama adabu inavyotaka. Ikifika Juni, kabla ya ligi ya kulipwa ya kikapu, alikuwa anakaa mlangoni na simu sikioni, anakusikiliza, kisha ananigeukia. "Mama anasema Tabora watashika mkia." Namjibu, naye anakufikishia, na bila shaka alikuwa anapunguza maneno yangu makali na kuongeza ya kwake matamu. Tangu atutoke, msimu wa mwaka jana ulipita hakuna aliyetabiri kitu. Timu zilicheza, zikamaliza, na sikujua kati yetu nani ameshindwa amtumie mwenzake jogoo.

Mwaka huu nimeshindwa kuvumilia. Naomba ruhusa yako tuandikiane. Nimefikiri kwamba barua si kukutana uso kwa uso, na karatasi naweza kuiandika nikiwa nimeinamisha kichwa. Ukiona ni utovu wa adabu, usijibu, nitaelewa.

Hali ya ligi ni hii. Timu ni zile zile sita. Mimi bado ni kocha msaidizi wa Chepe, timu yetu ya Katoro. Habari mbaya ni kwamba Nasibu, mchezaji wetu wa kati, yule mrefu uliyekuwa unamwita mlingoti, amesajiliwa na Sangara ya Mwanza. Kwa hiyo nawapa Sangara ubingwa. Wa pili Almasi ya Shinyanga, wa tatu Mwamba ya Geita, wa nne sisi, wa tano Senene ya Bukoba, na Reli ya Tabora mwisho kama kawaida yao. Hata mwandishi wetu wa alama, anayekaa mezani siku za mechi, anakubaliana nami kuhusu Sangara.

Klara atapanda basi Jumamosi na mama mmoja jirani anayekuja Shinyanga. Likizo yote ni yako.

Mkweo mwenye heshima,
Boaz


Mhunze, Kishapu
16 Juni 2024

Baba Klara,

Marahaba. Barua nimeipata, na nimeisoma nikiwa nimekaa nje kwenye kivuli, nimejifunga khanga mbili, kwa sababu ni barua ya mkwe.

Umefanya vizuri kuandika. Wapo siku hizi wanaopigiana simu na wakwe zao na kucheka nao kama wamezaliwa tumbo moja. Mimi siwezi. Simu inaita wakati wowote, inakukuta kitandani, inakukuta bafuni, na sauti ya mkwe isimkute mtu hajajifunga vizuri. Barua inasubiri mpaka mtu avae. Kwa hiyo ruhusa unayo, na bukwilima yetu, huu ukwe wetu, ibaki na heshima yake.

Nacheka peke yangu nikikumbuka ile mechi ya Shinyanga. Nilikaa nyuma ya benchi lenu bila kujua ni lenu. Ukaniona. Badala ya kupita mbele yangu ukawazungusha wachezaji wote nyuma ya goli, mkapita hadi upande wa choo, robo ya tatu ikaanza mmebaki watatu uwanjani na mwamuzi anapiga filimbi. Mkafungwa. Noela alinililia kwenye simu akicheka. Aliniambia, "Mama, ukitaka Chepe ipoteze, kaa pale pale." Sijawahi kukaa pale tena.

Sasa kazi. Utabiri wako ni wa mtu anayehesabu waliokuja. Mimi nimefundisha netiboli miaka mingi, na kabla ya hapo nilicheza kikapu chuoni, na kitu kimoja ninachokijua ni hiki: usiniambie nani amekuja, niambie nani ameondoka, na kazi yake nani ameibeba. Sangara walikuwa na mtu wa kati mzuri. Sasa wana wawili, na chini ya goli wote wawili watataka kusimama mahali pamoja. Ubingwa hawapati. Senene hawajaondokewa na mtu, unawaweka wa tano kwa nini? Kwa sababu ya jina lao? Almasi nawaweka juu kwa sasa. Ya Chepe nimeiacha wazi mpaka uniambie kazi ya Nasibu kapewa nani. Si kufunga tu. Nasema ile kazi ya kusimama njiani na kuumia ili wenzake wapate nafasi ya kurusha. Hiyo haionekani mpaka anayeifanya aondoke.

Klara amefika salama. Amekua miguu. Nywele zake zimesukwa twende kilioni safi sana, mistari imenyooka, nimeziacha zilivyo.

Nitamrudisha na michembe ya viazi na karanga.

Mama mkwe wako,
Paskalina


Katoro
30 Juni 2024

Mama mkwe,

Shikamoo. Asante kwa ruhusa. Nimesoma barua yako mara nyingi, na ile habari ya Shinyanga imenifanya nifunike uso nikiwa peke yangu. Mkuu wangu wa kazi hajaisahau mpaka leo.

Kuhusu Sangara, nimekuelewa, ingawa mwandishi wa alama anasema Nasibu anaweza kutoka nje ya eneo na kurusha kwa mbali, hivyo wawili wale wanaweza kukaa pamoja. Ametunza alama zake za msimu mzima na anasema mitupo yake ya mbali ilikuwa inaingia kuliko tulivyodhani. Kuhusu Senene, nimewapandisha hadi wa tatu, maana mwandishi wa alama naye aliwahi kuniambia kwamba ni timu pekee isiyogombana robo ya nne. Mwamba wana kocha mpya, mkali, anawakimbiza wachezaji kwenye kile kilima cha kuelekea mgodini. Mwandishi wa alama anadhani watachoka kabla ya Novemba. Reli wamesajili vijana wa shule. Ni wazuri kuwatazama, lakini watafungwa.

Nywele za Klara unaweza kuzifumua ukipenda. Hapa mtaani wasusi ni wengi.

Shule inafunguliwa karibuni. Naomba awe kwenye basi la Jumamosi.

Mkweo,
Boaz


Mhunze
14 Julai 2024

Baba Klara,

Marahaba. Mtoto nadhani alifika, na michembe pia.

Umenipa habari za timu nne, kila moja na kocha wake na kilima chake. Ya Chepe hukuandika hata mstari. Nilikuuliza kitu kimoja tu, nani amebeba kazi ya aliyeondoka, na hicho ndicho ulichokiruka.

Jambo la pili. Nilimuuliza Klara jina la msusi wake, kwa kumsifu tu. Akaangalia chini. Akasema, "Bibi, baba amesema nisimtaje." Sikumuuliza tena, nikampa karanga, tukaendelea kuchambua choroko. Lakini mjukuu wangu ana miaka saba na amenificha kitu kwa mara ya kwanza, na hakukifurahia. Mimi pia sikufurahi.

Mama mkwe wako,
Paskalina


Mhunze
25 Agosti 2024

Baba Klara,

Habari za siku nyingi. Mwezi umepita na barua yako sijaiona. Kila basi la Shinyanga likisimama namtuma mtu aulize, anarudi mikono mitupu, na sasa kondakta akiniona kwa mbali anatikisa kichwa.

Kama mnaumwa, niambie. Kama nimekukosea kwa yale niliyoandika, niambie pia, kwa sababu mimi ni mkubwa lakini si malaika. Sina mtoto mwingine wa kunipa habari za Klara. Ukinyamaza wewe, nyumba yangu yote inanyamaza.

Paskalina


Katoro
8 Septemba 2024

Mama mkwe,

Shikamoo. Hatuumwi, na hujanikosea. Nilikuwa naona aibu. Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana.

Msusi wa Klara anaitwa Mageni. Ndiye huyo mwandishi wa alama. Siku za kazi anauza katika duka la vifaa vya wachimbaji hapa Katoro, na siku za mechi anakaa mezani. Tumefahamiana tangu mwaka jana. Klara alimpenda kabla yangu. Alikuwa anamkimbilia pale mezani wakati wa mapumziko, na siku moja nikamkuta amekaa katikati ya magoti yake anasukwa, huku mechi ya wanawake ikiendelea na Mageni akiacha kusuka kila goli likiingia ili aandike. Nilisimama pale nikashindwa kuondoka. Wakati huo nilikuwa sijacheka kwa muda mrefu sana, mama. Nilimkataza mtoto kumtaja kwako na hilo ni kosa langu mimi, si la Klara wala la Mageni. Mageni alinigombeza alipojua.

Nataka kumuoa. Kwao ni Didia. Nilikwenda mwezi uliopita na rafiki yangu mmoja. Baba yake, Mzee Magesa, alitupokea vizuri, tukala, kisha akaniuliza wazazi wangu wako wapi. Unajua historia yangu. Walikufa nikiwa mdogo, na baba mdogo aliyenilea amehamia Katavi na ng'ombe wake. Nilimpigia, akasema hawezi kuacha mifugo mpaka mwakani, na hata mwakani hakuahidi. Mzee Magesa hakukasirika. Alisema tu, "Kijana, sikukatai. Lakini mtu asiye na mtu nyuma yake, akimtesa mwanangu nitamshtaki kwa nani?" Ningekuwa mimi nina binti ningeuliza hivyo hivyo, na binti ninaye.

Hilo ni langu, nitalibeba. Ninalotaka kukueleza ni jingine. Mimi naogopa. Niliingia kwenu nikiwa na umri mdogo, na tangu hapo wewe ndiye mtu mzima pekee duniani ninayemwogopa kwa heshima. Ninapokaribia kufanya ujinga najiuliza mama mkwe atasikia nini. Sasa nikioa kwa Mzee Magesa, nitakuwa na mama mkwe mwingine. Wewe utakuwa nani kwangu? Mtu akifiwa na mke kisha akaoa kwingine, watu wanasema ukwe umekwisha. Sitaki uishe. Na kama kwa kuoa nitakuwa nimekutoa kwa Klara, au nimemtoa Klara kwako, basi niambie wazi, nitaacha.

Chepe nimeiweka ya mwisho. Sina moyo wa kutabiri.

Boaz


Mhunze
15 Septemba 2024

Baba Klara,

Marahaba.

Nilisoma barua yako nikalia, na sitakuficha. Sikulia kwa sababu ya Mageni. Nililia kwa sababu ya pale mtoto alipokaa katikati ya magoti ya mtu na akasukwa. Mimi mwanangu nilimsuka pale pale, katikati ya magoti haya, mpaka alipokwenda sekondari wakamnyoa.

Nikwambie na mimi nililokuficha. Klara alipokuja Juni, niliziangalia zile nywele nikajua kuna mwanamke. Mwanaume hasuki vile, na msusi wa mtaani hana subira ile, anavuta mtoto mpaka macho yanapanda. Siku moja nilifumua mstari mmoja wa nyuma, nikausuka upya mwenyewe, ili niwe na mkono wangu pale. Vidole vyangu sasa hivi vimekakamaa, mstari ukatoka umepinda. Klara akaushika akasema, "Bibi, huu ni wa kwako." Nikauacha. Kwa hiyo huyo Mageni amekwisha kuiona kazi yangu, na bila shaka alijua ni ya nani.

Nilikuwa najua, na nikakusumbua na maswali ya Chepe nikitumaini utaniambia mwenyewe. Na mimi nilikuwa nakuogopa wewe. Nilifikiri ukishapata mke mwingine, nitaanza kuletewa mjukuu kama mgeni, mara moja kwa mwaka, akiwa amevalishwa viatu.

Umeniuliza nitakuwa nani kwako. Sijui. Mama mkwe haendi kumposea mkwe wake mke mwingine. Sijawahi kuona, na bibi yangu angefufuka anizuie mlangoni. Hata kukaa nawe kwenye mkeka mmoja siwezi, nitakaaje nikusemee? Nipe nafasi nifikiri, na niongee na shemeji yangu Wiliam, mdogo wa marehemu mume wangu, ambaye ndiye msemaji wa nyumba hii.

Utabiri wangu kamili nitautuma kabla ligi haijaanza. Na wewe acha uvivu. Kocha anayeiweka timu yake ya mwisho, wachezaji wanamwona usoni.

Paskalina


Katoro
29 Septemba 2024

Mama mkwe,

Shikamoo. Nimeielewa barua yako. Ulichokisema juu ya mama mkwe na posa ni kweli, na naomba radhi kama ilionekana nakuomba jambo hilo. Sikukuomba. Nisingethubutu.

Nimezungumza na Mageni. Nimemwambia tusubiri, pengine mwaka, pengine zaidi. Sikumficha sababu. Amemaliza kumsuka Klara, akaenda kwao Didia kupumzika, na atatukuta uwanjani Shinyanga, kwa sababu tunafungua ligi na Almasi Jumamosi hii na ameshakubali kazi ya mezani. Ule mstari wako wa nyuma, kila akifumua nywele anaurudisha umepinda vile vile. Anasema Klara hataki unyooke.

Kijana wetu mpya wa kati anatoka Runzewe, ana mikono mizuri lakini bado anakwepa kuumia. Chepe naiweka ya tano.

Mkweo,
Boaz


Didia, Shinyanga
4 Oktoba 2024

Boaz,

Nakuandikia nikiwa ukumbini kwa Mzee Magesa. Barua hii atakuja nayo Mageni kesho uwanjani. Kaa chini uisome.

Barua yako ya tarehe 29 ilinikuta nimeshafunga mzigo. Nilikasirika. Nilikuomba nafasi ya kufikiri, wewe ukadhani ni kukataliwa, ukaenda kumliza mtoto wa watu. Nimemkuta hapa macho yamevimba, na aliposikia mimi ni nani akapiga magoti kunisalimia Kisukuma, "Mwangaluka mayu," na akashindwa kuinuka. Nikamwinua.

Wiliam alininung'unikia njia nzima kutoka Mhunze. "Shemeji, tunakwenda kumposea mkwe wetu? Watu watasema tumerogwa." Nikamwambia akae kimya au ashuke Shinyanga. Hakushuka.

Tulipokaa, Wiliam akasema yale ya msemaji, kwamba tumekuja kutafuta jiko kwa ajili ya kijana wetu Boaz. Mzee Magesa akasikiliza vizuri. Kisha akanigeukia mimi. Akaniuliza, "Mama, nisamehe. Nimeambiwa wewe ni mzazi wa marehemu mke wake. Sasa hapa umekuja kama nani?"

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Yote yakapotea. Nikasema, "Nimekuja kama mama yake."

Akasema, "Lakini ni mkweo."

Nikasema, "Alikuwa. Na kwa sababu alikuwa mkwe wangu, mimi namjua kuliko mama mwingine yeyote anavyomjua mwanawe. Wewe hapa unataka kujua kijana huyu anaishije na mke. Nani atakwambia? Rafiki yake? Mimi binti yangu aliishi naye mpaka mwisho. Hakuwahi kurudi kwangu usiku wala mchana analia. Alipougua, huyu ndiye aliyemwosha na kumlisha. Aliacha timu, akakaa kitandani pake. Hakuna mtu mwenye haki ya kumsema vibaya kuliko mimi, na mimi sina la kusema."

Mke wa Mzee Magesa akafuta macho kwa ncha ya khanga.

Nikamalizia. "Uliuliza akimtesa mwanao utamshtaki kwa nani. Njoo Mhunze, uliza kwa Mwalimu Paskalina, kila mtu atakuonyesha nyumba. Unishtaki mimi. Nami nitamchapa."

Mzee Magesa akacheka. Akasema, "Basi ana mtu." Posa imepokelewa. Habari za ng'ombe wa mahari Wiliam ameshaanza kuzijadili nao, na hapo ndipo alipochangamka. Yale manung'uniko yameisha, anabishana utafikiri ni wa kwake.

Sasa sikiliza. Mtu hawezi kuwa mama na mama mkwe kwa wakati mmoja. Nimechagua. Kuanzia leo mimi si mkweo. Ukinikuta njiani usiingie porini, nisalimie. Nitakula nawe sinia moja. Nikikosea utaniambia, nawe ukikosea nitakugombeza kwa mdomo wangu mwenyewe, bila kupitia kwa mtu. Mageni nitamwita mkwe, na Noela atabaki Noela. Nafasi yake hakuna aliyeichukua. Lakini kazi yake ilikuwa imebaki chini, mtoto wa kusuka, mtu wa kukuchekesha, neno la kufikisha kati yangu na wewe. Huwezi kuiacha kazi chini ukasema ni kwa ajili ya kumheshimu aliyeondoka. Yeye mwenyewe alikuwa hapendi vitu vikae chini, unamjua.

Na simu sasa unaweza kupiga. Mwanangu akinikuta sijajifunga vizuri, hilo ni langu.

Utabiri wangu kamili: Almasi bingwa. Senene wa pili. Chepe wa tatu. Sangara wa nne na magomvi yao chini ya goli. Mwamba wa tano, wamechoka. Reli mkiani, Mungu awasaidie. Chepe nimewaweka wa tatu si kwa sababu mimi ni mama yako. Mama akidanganya katika kikapu atadanganya na mengine. Huyo kijana wa Runzewe anayekwepa kuumia, mpeni Novemba. Akishaona wenzake wanafunga kwa sababu amesimama, ataipenda kazi.

Kesho nitakaa nyuma ya benchi lenu, na Klara pembeni yangu. Usiwazungushe wachezaji. Pita mbele yangu.

Mama yako,
Paskalina


Katoro
13 Oktoba 2024

Mama,

Shikamoo. Nimeandika "mama mkwe" kwa mazoea, nikafuta, ndiyo sababu karatasi ina doa hapo juu.

Nilipita. Uliniona. Miguu yangu ilikuwa inataka kwenda nyuma ya goli yenyewe, wachezaji wote wamesimama wananitazama wajue twende upande gani. Ukasema, "Pita, baba, mchezo unaanza," na ilikuwa mara ya kwanza kukusikia ukisema nami. Nikainamisha kichwa, nikawaongoza wachezaji mbele yako. Tukafungwa na Almasi kwa alama mbili, na Mageni anasema aliandika goli moja la kwetu huku haoni vizuri kwa machozi, ikabidi mwenzake wa mezani ahakikishe. Lilikuwa halali.

Jana tumewafunga Mwamba. Kijana wa Runzewe amesimama, akaangushwa, akainuka anacheka. Naweka Chepe ya tatu, na nyingine kama ulivyozipanga. Sasa tuna utabiri mmoja na sijui jogoo atatoka kwa nani. Mageni anasema tumle tu sote pamoja Krismasi huko Mhunze, sinia moja.

Halafu ile Jumatano jioni ni mimi niliyepiga. Uliposema "Haloo, mwanangu," nilikuwa na maneno yote, nilikuwa nimeyapanga tangu asubuhi, na hakuna hata moja lililotoka. Nikasikia na wewe umenyamaza. Nikawa nasikia kuku wako, na mtu anatwanga kwa mbali, na wewe unapumua. Sikukata simu. Na wewe hukukata. Tulikaa vile mpaka salio likaisha lenyewe.

Jumapili nitapiga tena.

Mwanao,
Boaz